Keki ya Inkeri kwa Mama Mkwe

Siku ambayo Mama Régine alipanda kilima kuja kumtazama, Benita aliamka na woga wa aina mbili: woga wa mama mkwe, na woga kwamba inkeri hazingetosha. Bunduki hakuzifikiria. Miezi ile kilima chao juu ya Nyabiondo kilikuwa kimetulia, maharage yalikuwa yametoa maua, na binadamu huzoea amani upesi kuliko anavyozoea vita.

Umande haujakauka, alikuwa tayari ameingia kwenye vichaka vya miiba pembezoni mwa msitu. Inkeri ni matunda madogo, mekundu yakiwa bado na ukali, meusi yakishaiva, na hakuna anayeyachuma bila kulipa damu kidogo. Alirudi na kikapu nusu, mikono imechanwachanwa, ncha za vidole zimegeuka zambarau. Nusu iliyobaki akaijaza kwa mafrezi, yale matunda laini ya Kizungu aliyopanda mwenyewe nyuma ya jiko, na mbupuru za manjano, zile zinazojificha ndani ya maganda yao kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Mama yake, Nyirabagenzi, alikuwa ananyonyoa kuku mlangoni. Alikitazama kikapu, akatikisa kichwa.

"Sasa Benita, matunda ya bachungaji ya ng'ombe njo utamupa mama wa Butembo?"

"Ni ya kutia mu keki, Mama. Masista njo balinifundisha. Siku ile askofu alikuya, alikula mupaka akalamba kijiko."

"Askofu si mama mukwe."

Walicheka wote wawili, lakini cheko la Benita lilikatika njiani, maana mama yake alikuwa amesema kweli tupu.

Nzanzu Archange alikuwa mwana wa wafanyabiashara wa Butembo, mwenye duka chini pale Nyabiondo: chumvi, sabuni, betri za redio, vitenge. Benita alikwenda dukani kununua chumvi, akarudi nyumbani bila chumvi. Archange akapanda kilima kumletea mwenyewe, na tangu siku hiyo nyumba yao haikukosa chumvi tena. Hata majirani walianza kuja kuomba.

Lakini penzi lile lilikuwa na wapinzani pande zote mbili. Mzee Hakorimana, baba yake Benita, ambaye babu zake walizikwa kwenye shamba lile lile alilokuwa akililima, alisema, "Mutu wa duka anafunga mulango, anapakiza bintu mu kamyo, anaenda. Shamba haliendi. Utatuachia nani?" Na kule Butembo, Mama Régine, mjane aliyeshika biashara ya mumewe kwa meno mpaka ikasimama, alimwambia mwanawe kwamba binti wa milimani atamfungia njia. Archange alipoapa kwamba hataoa mwingine, ndipo mama akakubali safari. "Nakuya kuona," alisema. "Kuona si kukubali."

Alifika jua likiwa bado la upole, nyuma ya pikipiki, Archange akifuata kwa miguu. Mama Régine alikuwa mwanamke mpana, mwenye rozari shingoni na sauti iliyozoea kuamuru wapakiaji. Alikung'uta matope kwenye kitenge chake, akasalimia kila mtu kwa heshima yake, akaketi kwenye benchi barazani. Macho yake hayakuketi.

"Njo weye Benita."

"Ndiyo, Mama. Karibu sana kwetu."

"Mikono imekuwa nini?"

"Ni miiba, Mama. Nilienda kuchuma matunda."

"Kwetu matunda tunanunua." Sauti yake haikuwa ya matusi. Ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa ya huruma.

Benita akainamisha kichwa, akakimbilia jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Huko angalau kazi ilimngoja. Akamimina matunda kwenye sufuria nzito ya chuma, akatia sukari, akakamua ndimu, akaiweka juu ya babula, jiko lake la makaa. Matunda yakaanza kulia, yakapasuka, yakachemka kwa mapovu mazito mekundu. Kwenye bakuli akasugua siagi na unga wa ngano kwa ncha za vidole mpaka vikawa kama mchanga, akatia chumvi kidogo na hamira, akalainisha kwa maziwa ya asubuhi ile. Kisha akadondosha unga ule kwa kijiko juu ya matunda, donge hapa, donge pale, bila kusawazisha. Sista alimwambia, keki hii usiinyooshe, iache na vilima vyake. Akafunika kwa kifuniko cha chuma, akapanga makaa ya moto juu yake, ili iive kutoka chini na kutoka juu.

"Inanukia mupaka barazani."

Archange alikuwa amesimama mlangoni, bega kwenye fremu, akimtazama kwa yale macho yake ambayo kila mara yalimfanya Benita asahau alichokuwa ameshika.

"Toka, Archange. Mama yako atasema nini?"

"Amesha kusema." Akatabasamu, lakini si kwa furaha. "Amesema uko mutoto muzuri. Akisema mutu iko muzuri namna ile, maana yake anatafuta namna ya kumukataa bila kumuumiza."

"Na akikataa?"

Akaingia, akaushika mkono wake wenye mikwaruzo, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kana kwamba kimeandikwa kitu. "Nitakupenda bila ruhusa."

"Miye sitaki kupendwa kama kintu ya kuiba," Benita akanong'ona. "Nataka mama yako aniite kwa jina langu mbele ya batu. Nataka baba yangu acheke na weye. Ni mingi?"

"Si mingi." Aliukaza mkono wake. "Ngoja aonje hiyo keki."

Walikuwa karibu hivi hata Benita akaisikia pumzi yake shavuni. Akafumba macho. Na hapo, nje, mbwa wao akabweka mara moja, akalia kilio kifupi kama aliyekanyagwa, akanyamaza.

"Hodi kwa Papa Hakorimana!" sauti ikaita uani. "Muko na bageni, na miye hamuniite?"

Benita akafumbua macho. Sauti ile aliijua.

Séraphin alikuwa mtoto wa kilima kile kile. Alikula katika nyumba hii, alilala kwenye mkeka wa nyumba hii mama yake alipofariki. Alipokuwa kijana mwenye ndevu za kwanza alimwambia Benita, nitakuoa, uningojee, na Benita, msichana wa kuvaa sare ya shule, alikubali kwa moyo wake wote. Kisha watu wenye bunduki walipita, wakamchukua. Kwanza ilisemekana amelazimishwa. Baadaye ikasemekana amekuwa mkubwa wao. Habari zilizokuja baada ya hapo, watu walizisema kwa kunong'ona.

Benita alitoka kabla Archange hajaweza kumzuia, naye akamfuata.

Mbwa alikuwa amelala karibu na ua, kichwa kimeachana na shingo. Mmoja wa watu wawili waliokuja na Séraphin alikuwa anafuta panga kwenye majani, taratibu, kama mkulima aliyemaliza kazi. Mwingine alikuwa ameelekeza bunduki barazani, ambako Mama Régine alikuwa ameshika rozari yake kwa mikono miwili. Séraphin mwenyewe, bunduki yake mgongoni, alivua kofia.

"Mama Nyirabagenzi, unaona? Heshima sijasahau."

"Karibu, mwana wangu," mama akasema, akimsogezea sinia la wageni.

Séraphin alichukua paja la kuku, akalila akiwa amesimama. Alikuwa amekonda. Kovu lilikuwa limeuvuta mdomo wake upande mmoja. "Balinielezea ku njia," alisema akitafuna, "kwamba iko bwana wa duka anataka kuoa mutoto wa hapa. Njo nani?"

"Ni miye," Archange akasema.

"Na weye Benita? Unamupenda?"

"Ninamupenda."

Séraphin akamgeukia. Benita aliyatazama macho yale akimtafuta yule kijana wa zamani, akitumaini kwamba amekwisha kufa, ili chuki iwe rahisi. Hakuwa amekufa. Alikuwa bado mle ndani, anachungulia.

"Ulisema utaningojea."

"Nilikungojea, Séraphin."

"Mupaka wapi?"

"Mupaka siku ya ule mji wa ng'ambo ya muto. Mulifunga milango kwa inje, mukawasha moto. Mama mumoya alifika hapa kwetu, mugongo yote haina ngozi. Miye njo nilimuosha. Alikufa mu mikono yangu, alikuwa anataja jina yako. Tangu siku ile sikungoja tena."

Yule mwenye panga akacheka kidogo, kisha akaona uso wa mkubwa wake, akaacha.

"Bon," Séraphin akasema. Alitupa mfupa. Akamkaribia Archange. "Mukono gani njo niliona unamushika nao, kule jikoni? Huu?"

Hakungoja jibu. Alimpiga ngumi ya tumbo, Archange akakunjika, na wale wawili wakamburuta hadi kwenye kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo. Wakamkandamiza chini kwa magoti, wakauweka mkono wake wa kulia juu ya ukingo wa kinu. Séraphin akaushika mchi.

"Séraphin, hapana!" Benita akapiga kelele. "Nakuomba!"

Mchi ukashuka. Sauti iliyotoka haikuwa ya mfupa mmoja. Ilikuwa kama kuni kavu zinazovunjwa zote kwa pamoja. Archange alitoa ukelele uliowarusha ndege kwenye mikaratusi. Mchi ukapanda, ukashuka tena. Damu ikatiririka ndani ya kinu, juu ya mabaki ya sombe ya jana.

"Yezu wangu! Mwana wangu!" Mama Régine alilia. Alijitupa chini, akatambaa kwa magoti na kitenge chake kizuri kwenye tope. "Chef, chukua duka. Chukua bintu yote, funguo ni hizi hapa."

"Duka nitachukua tu, Mama. Si juu ya duka nimepanda huku."

Mzee Hakorimana akainuka. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye mgongo uliopindwa na jembe, na alisema polepole kama asemavyo mtu na ng'ombe aliyeshtuka. "Séraphin. Weye nilikubeba ku mugongo wakati ulikuwa na malaria, mupaka kwa muganga, na mvua ilikuwa inatupiga. Juu ya ule mugongo, acha bale batoto."

Kwa muda mfupi mkono wa Séraphin ulilegea kwenye mchi. Lakini yule mwenye bunduki alikuwa anatazama, na mkubwa hawezi kulegea mbele ya watu wake. Alitoa ishara kwa kidevu. Kitako cha bunduki kikampiga mzee mdomoni. Akaanguka kwenye ngazi ya baraza, akatema damu na jino.

"Sasa nasema mara moja," Séraphin akasema, akihema. "Benita anatoka na miye kwa miguu yake. Ama napasua kichwa ya huyu, kisha anatoka na miye vilevile."

Benita alimtazama Archange. Alikuwa ameinua uso kutoka kwenye tope, machozi na kamasi zimechanganyika, na alikuwa anatikisa kichwa: usiende, usiende. Midomo yake ilisema bila sauti, Benita, hapana. Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile.

"Nitaenda," alisema. "Umuachilie akae pembeni ya mama yake."

Séraphin akaashiria, wakamwachia. Akajikokota mpaka kwa mama yake, akalala mapajani mwake kama mtoto. Ndipo Séraphin akainua pua.

"Ni nini inanukia?"

"Keki."

"Ya inkeri?"

"Ya inkeri."

Uso wake ukabadilika. Kovu likatulia. "Tulikuwa tunachuma pamoja, unakumbuka? Ulikuwa unanipa zile za mweusi, unabaki na zile za ukali." Akavuta kiti kidogo cha mama, akaketi katikati ya ua, akalaza bunduki magotini. "Leta. Tutakula, kisha tutaenda. Kama bibi na bwana."

Benita aliingia jikoni. Sufuria ilikuwa inatokota; mchuzi mwekundu ulikuwa unatoka pembeni ya kifuniko na kuungulia babulani. Mtu anayetaka kupakua huondoa makaa kwanza. Benita hakuyaondoa. Alishika masikio ya sufuria kwa vitambaa viwili, akainyanyua na moto wake wote, akatoka nayo juani. Joto lilimuunguza kifua. Alitembea bila haraka.

Séraphin alimtazama akija. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la yule kijana, hilo ndilo lililomchoma Benita moyo kuliko moto aliobeba.

"Fungua, nione."

"Unisamehe, Séraphin," alisema, na akamtupia.

Kifuniko na makaa yake vilimpiga kifuani. Matunda yaliyochemka yakamfuata usoni, machoni, shingoni. Maji ya moto huteleza. Sukari iliyochemka hunata. Séraphin alijishika uso, ngozi ikafuata vidole. Alianguka kutoka kwenye kiti, bunduki ikaanguka kando, na alilia kwa sauti ambayo Benita hakujua kwamba mwanadamu anayo. "Beni!" alilia. Hilo lilikuwa jina alilomwita zamani. "Beni! Beni!"

Mwenye bunduki aliinua silaha. Mzee Hakorimana, damu ikimtoka mdomoni, alijirusha kutoka kwenye ngazi na kumkumbatia kiunoni. Mlio ukapasua uwanja. Yule wa panga aligeuka kumsaidia mwenzake, akampa mgongo Mama Régine, na hilo lilikuwa kosa lake. Mwanamke yule wa Butembo aliyezoea kuamuru wapakiaji aliuokota mchi uliojaa damu ya mwanawe, akauinua kwa mikono miwili, akampiga nyuma ya sikio. Kichwa kikatoa mlio kama boga lililoanguka. Alipojaribu kuinuka alimpiga tena, na tena, akiomba Salamu Maria kwa sauti kubwa, mpaka mtu yule akaacha kutikisika.

"Kimbieni!" mzee akasema. Alikuwa ameanguka juu ya mwenye bunduki, tumbo lake limefunguka, lakini mikono yake miwili ilikuwa imeshika mtutu kama inavyoshika mpini wa jembe. "Benita! Beba mama yako!"

"Papa!"

"Nimesema beba mama yako!"

Mlio wa pili ukatoka. Benita alimshika mama yake kiunoni, akamng'oa mlangoni alipokuwa amegandia, akamburuta. Waliteremka matuta ya maharage wakianguka na kuinuka, Mama Régine akimsukuma mwanawe mbele kwa kifua chake, Archange ameukumbatia mkono uliopondeka kama kitoto kichanga. Risasi zilikata maua ya maharage kushoto na kulia. Kisha wakaingia msituni, na nyuma yao ikabaki sauti moja tu, ile ya mtu anayeita Beni, mpaka kilima kikaimeza.

Walitembea kuelekea Kalembe mchana ule na usiku kucha, kwa njia za miguu, bila chakula. Walipofika, kanisa lilikuwa limejaa wakimbizi wengine, lakini wanawake walisogea wakawapa kona yenye mkeka. Muuguzi aliufunga mkono wa Archange kwa vijiti na kitambaa safi, akamwambia wazi kwamba vidole havitakunjika tena. Jirani mmoja aliyetoroka baada yao alileta habari: wapiganaji wengine walipanda kilimani, wakamfunga mkubwa wao kwenye machela, hai bado, wakaelekea njia ya Itebero. Maiti ya mwenzao waliichukua. Ya mzee Hakorimana waliiacha uani.

Nyirabagenzi alisikia habari ile bila kulia. Alimtazama tu Archange, kisha akageuza uso ukutani.

Benita alimkuta Archange nje, ameketi juu ya jiwe, mkono mzito mapajani.

"Papa yako amekufa juu yangu," alisema bila kumtazama.

"Amekufa juu ya risasi."

"Mama yako hawezi kuniangalia. Iko na haki. Ukisema nirudi Butembo, nitarudi. Sitakulaumu hata siku moya."

Benita akaketi kando yake. Tangu kilimani hakuwa ametoa chozi, na alijiogopa. "Archange, mutu nilikuwa ninamupenda zamani, nimemuchoma uso. Nilimuangalia kwa macho, nikamuchoma. Mupaka sasa namusikia ananiita. Bibi wa namna ile, haumuogope?"

Alifikiri. Hakumjibu haraka kumfurahisha, na kwa hilo Benita alimshukuru.

"Ninaogopa," alisema. "Lakini ninakupenda kupita vile ninaogopa."

Akauegemeza mkono wake mzima begani kwa Benita. Mlangoni, sauti ya Nyirabagenzi ikawakata.

"Ondoka pale, Benita."

Alikuwa amesimama, nywele wazi, macho makavu. "Ungekuwa haumupende huyu kijana, baba yako leo angekuwa mu shamba yake. Ule mwingine angepita, angekula kuku yetu, angeenda. Nilikuwa na bwana. Sasa niko na nini? Sitaki kuona huyu mutu. Sitaki kusikia jina yake."

"Mama..."

"Nimesema."

Watu waliokuwa uani waligeuka kutazama. Archange akainuka ili aondoke. Ndipo Mama Régine akatoka ndani ya kanisa. Kitenge chake kilikuwa kimechanika, kimekauka kwa matope na damu, na viatu hakuwa navyo. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Nyirabagenzi, na mbele ya watu wote wale, akapiga magoti.

"Mama Nyirabagenzi, nilipanda kilima yenu na neno la kukataa mu kinywa. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Nilikuwa ninangojea tu nimalize kula." Sauti yake ilikwaruza. "Ningemukataa Benita. Leo mwana wangu iko hai juu ya mutoto yako na juu ya bwana yako. Sina haki ya kukuomba kintu. Lakini nakuomba. Ukikataa, nitainuka, nitakushukuru, tutaenda."

Nyirabagenzi aliitazama njia ya kilimani. Mtoto alilia mahali fulani, akanyamazishwa.

"Bwana yangu iko mu uwanja," hatimaye akasema, na sauti yake ikavunjika kwa mara ya kwanza. "Njo kintu moya ninajua. Iko amelala mu uwanja kama mbwa, na hakuna mutu wa kumuzika. Unaniambia mambo ya ndoa, na bwana yangu iko inje."

"Nitaenda," Archange akasema.

Wote wakamgeukia.

"Nitaenda kumuzika. Leo."

"Na ule mukono?" mmoja wa wanaume akauliza. "Na bale batu bakirudi?"

"Mukono iko mwingine." Alimtazama Nyirabagenzi. "Mama, unionyeshe tu wapi babu zake balilala, nimuweke pembeni yao."

"Miye ninajua," Benita akasema, akisimama. "Nitaenda naye."

Wanaume wawili wa Kalembe waliingia ndani ya nyumba zao, wakatoka na majembe. Archange akachukua jembe la tatu kwa mkono wa kushoto, akaliweka begani, likamteleza, akaliweka tena.

Walikuwa wamefika kwenye njia Nyirabagenzi alipowafuata. Alikuwa amevua kitenge cha juu, amebaki na kile cha ndani. Alikikunja mara nne, akakilaza juu ya mkono mzima wa Archange, na kwa muda akabaki amekishika, hajui kukiachia.

"Mumufunge na hii," alisema. "Na uso, mukwe wangu. Umufunike uso muzuri. Alikuwa hapendi baridi."

Benita alilisikia neno lile. Akaketi chini pale pale njiani, katikati ya majembe na watu, akaanza kumlilia baba yake. Archange hakumharakisha. Nyirabagenzi alimwinua bintiye alipokuwa tayari, akamfuta uso kwa kiganja, akamsukuma taratibu mbele.

Wakashika njia ya kupanda kuelekea Nyabiondo, jua likiwa juu, Archange akitangulia.